Sura ya Nne: Kidonda Chenye Masikio

Wanawake 26 wa jimbo la Ohio, Marekani, walikubali kutobolewa mkono. Kila mmoja alichomwa sindano ya ganzi chini kidogo ya kiwiko, kisha akakatwa kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 3.5, kama punje ya mtama. Baada ya hapo kazi ya watafiti ilikuwa kusubiri. Walikipiga kidonda picha, wakakidondoshea haidrojeni peroksaidi, dawa ile inayotoa povu ikikuta nyama ambayo haijafunga. Siku ambayo povu halikutoka, waliandika kuwa kimepona.

Wanawake 13 kati yao walikuwa wakiuguza. Kwa Kiswahili neno hilo moja linatosha. Kila mmoja alikuwa na jamaa aliyepotewa na kumbukumbu kwa maradhi ya uzeeni, mtu wa kuogeshwa, kulishwa na kujibiwa swali lilelile tangu asubuhi hadi usiku. Wengine 13 walikuwa wa rika lao na wa kipato kama chao, ila hawakuwa na mgonjwa wa kuuguza. Vidonda vilikuwa vya ukubwa mmoja, vya kisu kimoja. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39. Waliokuwa wakiuguza walihitaji siku 48 na ushei.

Siku 9 zaidi, kwa tundu la punje ya mtama.

Walioongoza utafiti huo ni mke na mume, Janice Kiecolt-Glaser na Ronald Glaser wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Mke ni mwanasaikolojia, mumewe alikuwa mtaalamu wa virusi na kinga ya mwili. Waliuchapisha mwaka 1995, na kila nikiusoma najiuliza swali moja: kidonda kilijuaje? Hakikuwepo usiku wakati mwenye mkono alipoamka kumtafuta mgonjwa wake. Hakikusikia alivyohesabu pesa zilizobaki. Mbona kilikuwa kama kimesikia yote?

Jibu linaweza kusemwa kwa sentensi chache, ingawa kulielewa kunahitaji sura nzima. Hofu ni kazi. Wasiwasi si moshi unaopita kichwani na kutoweka. Ni shughuli ambayo moyo, ini, tezi na damu huifanya kwa jasho, na gharama yake hutolewa kwenye mfuko uleule unaopaswa kulipia uponaji. Tena mzigo huu ni kama ndoo ya maji kichwani: aliyejitwisha kwa shida hawezi kujitua peke yake bila kumwaga. Anahitaji wa kumtua.

Tumbo joto, roho juu

Anayesubiri majibu ya mtihani husema yuko tumbo joto. Anayesubiri simu kutoka hospitalini, roho yake iko juu. Aliyekutana na nyoka mlangoni hutokwa na kijasho chembamba na nywele zikamsimama. Aliyesemwa vibaya mbele ya watu amekatwa maini. Hata jakamoyo, neno la zamani la wasiwasi, limeubeba moyo ndani yake. Waliotupa semi hizi hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wakieleza hali za mwili wao, kiungo kwa kiungo.

Maabara zilifika baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Cannon, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kutumia eksirei, iliyokuwa ndiyo kwanza imegunduliwa, kutazama chakula kikisafiri ndani ya matumbo ya wanyama. Alipowachunguza paka aliona jambo ambalo hakulitafuta. Paka akitaharuki, tumbo lake husimama. Mawimbi ya misuli yanayosaga na kusukuma chakula hukatika, na hayarudi mpaka mnyama atulie. Mwingine angelihesabu hilo kuwa usumbufu tu. Cannon alilifuata kwa miaka, na mwaka 1915 akatoa kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Kwake ndiko lilikotoka wazo kwamba mwili uliotishwa hujiandaa kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia.

Maandalizi hayo hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya neva, na huchukua sekunde. Ubongo hupeleka amri kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo huachia adrenalini. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, ini humwaga sukari kwenye damu, na mishipa ya tumbo hubanwa ili damu ielekezwe kwenye misuli ya miguu na mikono. Ndiyo hiyo tumbo joto.

Njia ya pili hupitia kwenye damu na huchukua dakika. Ubongo huiamsha tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari, nayo huziamsha zile tezi za juu ya figo kwa mara ya pili. Safari hii hutoka kotisoli. Homoni hii huendelea kuiweka sukari juu, na pia hutoa agizo kwa askari wa kinga ya mwili: subirini kwanza. Agizo hilo lina maana. Ukifukuzwa na mnyama, huu si wakati wa mwili kushona ngozi.

Msomaji aliyewahi kuandikiwa prednisolone kwa ajili ya pumu au mzio ameshakutana na ndugu wa kotisoli. Dawa hiyo hutuliza uvimbe kwa sababu huizuia kinga isichachamae. Kwa sababu hiyohiyo daktari hapendi uimeze kwa muda mrefu bila uangalizi: sukari hupanda, maambukizi hupata mwanya, vidonda hukawia. Mtu anayeishi na msongo wa mawazo mwezi baada ya mwezi ni kama anayelishwa kidogokidogo dawa ambayo hakuandikiwa.

Sasa turudi kwenye lile tundu la mkononi. Siku za mwanzo za kidonda ni siku za kuvimba, wekundu na joto. Tumezoea kuziona kuwa ubaya, kumbe ni kikosi cha usafi kimeingia kazini. Chembe nyeupe za damu hula nyama iliyokufa na kuua vijidudu, kisha hutoa ujumbe wa kikemikali unaowaita mafundi wa kujenga nyama mpya. Waliokuwa wakiuguza walitoa ujumbe huo kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Mafundi walikuwepo, ila mwito uliwafikia kwa sauti ya chini.

Je, ni uchovu wa umri tu? Mwaka 1998 Kiecolt-Glaser na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi 11 wa udaktari wa meno, vijana wenye afya. Kila mmoja alitiwa kidonda cha milimita 3.5 kwenye kaakaa mara mbili, mara moja wakati wa likizo na mara nyingine siku 3 kabla ya mtihani. Kidonda cha mtihani kilichelewa kwa wastani wa siku 3, yaani asilimia 40 zaidi. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepona wakati wa mtihani kwa kasi ile ya likizo.

Nyani wa Mara

Neno la Kiingereza ambalo dunia nzima hulitumia kwa hali hii, *stress*, lilienezwa na Hans Selye, daktari aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 aliandika katika jarida la *Nature*, kwa chini ya ukurasa mmoja, kwamba panya wakitaabishwa kwa namna yoyote, iwe baridi, jeraha au sumu, miili yao hujibu kwa namna moja: tezi za juu ya figo huvimba, tezi ya thaimasi iliyo muhimu kwa kinga hunywea, na tumbo hupata vidonda. Kiswahili kilipotafuta neno lake kilichagua msongo, kutoka kusonga. Ni kubanwa pande zote, kama unga ndani ya sufuria chini ya mwiko. Sijui lugha iliyochagua vizuri zaidi.

Lakini panya wa maabara hubanwa na mtafiti. Sisi tunabanwa na nani? Jibu zuri kuliko yote lilipatikana Kenya.

Mwaka 1978 Mmarekani kijana, Robert Sapolsky, alifika eneo la Maasai Mara kuwachunguza nyani. Alibeba bomba la kupulizia vishale vyenye dawa ya usingizi. Nyani akilala, alimtoa damu na kupima homoni zake. Ilibidi amvizie bila kushtukiwa, maana nyani akijua anawindwa kotisoli hupanda, na kipimo huwa hakina maana tena. Kwa miaka mingi alirudi kila mwaka kwa nyani walewale.

Nyani wa Mara hupata chakula chake kwa saa chache tu. Simba hamkabili kila siku. Muda unaobaki ni mrefu, na nyani huutumia kusumbuana. Dume lililoshindwa pambano hugeuka na kuliuma dume dogo, dogo humkimbiza jike, jike humpiga mtoto. Sapolsky aliona kwamba madume wa chini, wanaonyang'anywa chakula na kuumwa bila kosa, wana kotisoli ya juu hata siku ambayo hakuna ugomvi. Mwili wao hauamini tena kwamba siku shwari ni shwari. Akaona pia kwamba dume lenye rafiki wa kukaa naye na kuchambuana naye manyoya lilikuwa na kotisoli ndogo kuliko lililotengwa.

Kisha, katikati ya miaka ya 1980, lilitokea jambo ambalo hakuna mtafiti ambaye angethubutu kulipanga. Kundi jirani lilikuwa likila mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Madume wakorofi wa kundi lake yeye walizoea kwenda kupigania mabaki hayo. Nyama yenye kifua kikuu ilitupwa jalalani, na karibu nusu ya madume wa kundi wakafa. Waliokufa ni wale waliokuwa wagomvi kiasi cha kuthubutu kwenda. Walibaki majike na madume wapole. Kundi likabadilika. Uonevu ulipungua, kuchambuana manyoya kukaongezeka, na madume wa chini hawakuonyesha tena dalili za mwili unaoishi roho juu. Madume wa nyani huhama makundi wakibalehe, hivyo baada ya miaka kama 10 hakuna dume wa zamani aliyebaki. Hata hivyo upole ulibaki. Wageni waliingia wakiwa na tabia za kwao, wakakuta hapa watu hawaishi hivyo, wakajifunza. Sapolsky na mkewe Lisa Share walieleza habari hiyo mwaka 2004.

Nimetumia neno watu kwa nyani, nami naliacha hapohapo, kwa sababu mambo yetu yanafanana na yao. Huko London, tangu mwaka 1967, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali. Wote walikuwa na ajira na mshahara, na wengi walifanya kazi ya mezani. Hata hivyo, ndani ya miaka 10, waliokuwa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango mara 3 ya wale wa juu kabisa. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, aliyeongoza uchambuzi, ametumia maisha yake kueleza kwamba kutokuwa na kauli juu ya siku yako mwenyewe ni hatari kwa moyo.

Simba akimkosa pundamilia, mambo yamekwisha, na pundamilia hurudi kula majani. Kodi ya kibanda cha mama lishe haimkosi. Ipo Jumatatu, ipo Jumanne, ipo anapolala. Mwili wake hauna homoni nyingine kwa ajili ya kodi. Hutumia ileile iliyowekwa kwa ajili ya simba.

Kihoro

Tunalo neno kihoro. Mtu amefiwa na mwenzake wa miaka arobaini, na kabla ya arubaini ya marehemu naye anaondoka. Majirani husema amekufa kwa kihoro, na vijana waliosoma hutabasamu wakidhani ni maneno ya wazee.

Mwaka 1990, Hikaru Sato na madaktari wenzake wa Hiroshima, Japani, walieleza ugonjwa wa moyo ambao haukuwa na jina. Mgonjwa hufika na maumivu ya kifua na kukosa pumzi, vipimo vinaonyesha moyo umepata pigo, lakini mishipa yake haikuziba. Picha ya moyo inaonyesha chumba cha kushoto kimevimba chini na kubaki chembamba juu. Sisi wa pwani humwinda pweza kwenye miamba maji yakikupwa, kwa mkuki au kijiti. Wajapani huteremsha mtungi wenye tumbo pana na shingo nyembamba, pweza akaingia akidhani ni pango. Mtungi huo huitwa takotsubo. Madaktari waliona umbo lake kwenye picha ya moyo, wakaupa ugonjwa jina hilo.

Wengi wanaougua ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na mara nyingi ugonjwa hufuata msiba, hofu kuu au tetemeko. Baada ya tetemeko la Niigata la mwaka 2004, wagonjwa wa namna hii waliongezeka ghafla katika eneo lile. Inaaminika kuwa mafuriko ya adrenalini huupooza msuli wa moyo kwa muda. Wengi hurudi katika hali yao baada ya wiki kadhaa wakitunzwa. Wachache hufa. Wazee waliosema kihoro huua hawakuwa na mashine ya kupiga picha ya moyo, ila hawakukosea.

Duka la ndani, na mipaka yake

Ikiwa akili inaweza kuumiza, je, inaweza kuponya? Hapa ndipo penye ukweli mtamu na uongo mtamu, na lazima vitenganishwe kwa uangalifu, kwa sababu watu hufa katikati yake.

Ukweli ni huu. Mwaka 1978, huko San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walipewa sindano isiyo na dawa, na maumivu yakapungua. Kisha walipewa naloxone, dawa inayozuia mofini isifanye kazi. Maumivu yakarudi. Fikiri maana yake: walikuwa hawajapewa mofini, lakini dawa ya kuizuia mofini ilikuta kitu cha kuzuia. Tumaini lilikuwa limefungua duka la ndani, na mwili ukatoa dawa yake wenyewe ya maumivu. Nafuu yao haikuwa ya kujidanganya. Ilikuwa na kemia yake.

Mpaka wake ni huu. Mwaka 2011 watafiti wa Boston waliwapa wagonjwa wa pumu, kwa nyakati tofauti, pampu yenye salbutamol, pampu isiyo na dawa, na siku nyingine hawakuwapa kitu. Wagonjwa walisema pampu tupu imewasaidia karibu sawa na pampu yenye dawa. Lakini walipopulizishwa kwenye kipimo, dawa ya kweli ilifungua mapafu kwa asilimia 20, na pampu tupu kwa asilimia 7 hivi, sawa na siku ambayo hawakupewa chochote. Mgonjwa alijiona mzima huku njia zake za hewa zikiwa zimebana. Tumaini linaweza kupunguza maumivu, kichefuchefu na hofu, lakini njia ya hewa iliyobana haifunguki kwa tumaini.

Historia ya vidonda vya tumbo inatufundisha unyenyekevu zaidi. Kwa miongo mingi madaktari waliwaambia wagonjwa kwamba vinaletwa na mawazo, wapunguze hasira, wabadilishe kazi. Huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuta bakteria kwenye matumbo ya wagonjwa hao. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao, na katika siku chache tumbo lake likapata uvimbe na kichefuchefu. Leo vidonda hivyo hutibiwa kwa antibiotiki, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Watu walikuwa wamebebeshwa lawama ya kazi ya mdudu. Hata hivyo hadithi haikuishia hapo, kwani karibu nusu ya watu duniani wana bakteria huyo na wengi wao hawapati vidonda kamwe. Dawa za maumivu zinazomezwa ovyo zina sehemu yake, tumbaku ina yake, na msongo nao una yake. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na wazazi wengi.

Kisha kuna saratani. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliokutana kila wiki kuzungumza na kufarijiana waliishi muda karibu maradufu ya wenzao. Dunia ilifurahi. Lakini mwaka 2001 jaribio kubwa zaidi la Kanada, la wanawake 235, halikukuta maisha marefu, na Spiegel mwenyewe alipolirudia jaribio lake hakuyakuta. Kilichoonekana Kanada ni kwamba waliokaa kwenye vikundi walipata maumivu kidogo na dhiki kidogo, hasa wale waliokuwa wameelemewa tangu mwanzo.

Hilo si dogo. Ila linatutaka tuchunge ndimi zetu. Usimwambie mgonjwa wa saratani kwamba ameugua kwa sababu anaweka vitu moyoni. Usimwambie mwenye VVU au kisukari kwamba akiwa na imani ya kutosha ataacha vidonge. Dua huteremsha mzigo na moyo uliotulia hulala, lakini insulini ni insulini. Anayemwachisha mgonjwa dawa kwa jina la matumaini amemtwisha mizigo miwili, ugonjwa na lawama ya kutopona.

Wa kukutua

Mwaka 2005 wale wanandoa watafiti wa Ohio walichapisha jaribio ambalo ndilo lililonipa jina la sura hii. Waliwaita wanandoa 42, wakawatia malengelenge madogo mkononi, wakawalaza hospitalini siku moja, mara mbili. Safari ya kwanza walizungumza mambo ya kusaidiana. Safari ya pili walizungumza jambo wanalogombania. Vidonda vya siku ya ugomvi vilichelewa. Na wale waliosemezana kwa uchungu na dharau walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale waliozungumza kwa heshima. Neno lililotoka kinywani mwa mmoja lilifika kwenye ngozi ya mwenzake.

Ikiwa kidonda kina masikio, basi yanayosemwa karibu na mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Hili lilipimwa zamani. Mwaka 1964, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, madaktari wa usingizi waliwagawa wagonjwa 97 waliokuwa wakipasuliwa tumbo katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa huduma ya kawaida. Kwa kundi la pili daktari aliketi kitandani, akaeleza maumivu yatakuwa wapi, yatadumu kiasi gani, kwa nini ni ya kawaida, na namna ya kugeuka na kupumua ili yapungue. Kundi la pili lilitumia nusu ya dawa za maumivu, na likaruhusiwa kurudi nyumbani karibu siku 3 mapema. Mazungumzo yale hayakugharimu hata senti ya dawa. Nayakumbuka kila nionapo mtu kwenye benchi la hospitali aliyeambiwa "subiri" bila kuambiwa anasubiri nini.

Bibi zetu hawakumwacha mzazi peke yake wakati wa uchungu. Leba za hospitali ziliufunga mlango huo kwa miaka mingi, na sasa ushahidi unaufungua. Mapitio ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Mama aliyekuwa na mtu wa kukaa naye mfululizo, kumshika mkono, kumkanda mgongo na kumtia moyo, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake ulikuwa mfupi kidogo, na upasuaji ulipungua. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mama aliyetishika humwaga adrenalini, na adrenalini huweza kuilegeza kazi ya mji wa mimba. Mkono wa dada au mama mkwe mwema huituliza.

Na huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hakuwa na madaktari wa kutosha wala vyumba. Bibi walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi husema fulani ana mawazo. Jaribio la watu 573 katika zahanati 24 lilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na bibi walikuwa asilimia 14 hivi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Si wachache kati yao waliishi na VVU, na mtu aliyeinuka kutoka kwenye sonona ana nguvu ya kushika tena ratiba ya dawa.

Benchi, mkono, maelezo ya dakika chache: hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya dawa. Kinachofanyika ni kuushusha mzigo ili mwili uache kukimbia na kurudi kwenye kazi ya kushona.

Siku hizi tumeanza kuandikiana "pona haraka". Salamu yetu wenyewe ni nyingine. Tunamwambia mgonjwa "ugua pole", na pole ni ndugu wa poa, joto kushuka. Hatumwamuru apone, kana kwamba ni hiari yake. Tunamwombea ugonjwa wake uwe mpole, nasi tupo.

Lakini wale wanawake wa Ohio ambao vidonda vyao vilichelewa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wenye kuuguza. Katika wodi zetu wanao ndugu zao: dada aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda, mama anayeingia alfajiri na chupa ya chai na kikapu cha uji. Tukifika tunamsalimu, tunauliza mgonjwa ameamkaje, tunampita. Safari nyingine simama kwake kwanza. Mpokee kikapu. Muulize kama yeye amelala, kama amekula, na nani atashika zamu usiku wa leo. Kama hakuna, ishike wewe.